Siku mshale wa mouse ulipokwenda wenyewe, na Bi Mwanaidi akaukataa

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo nimeona kijana kauliza jinsi ya kuihamisha cursor kwa code. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Nilikuwa nimesharudi Tanga kimawazo. Haya ninayoandika nilikuwepo, sijasimuliwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika yanauzwa na watu wanapunguzwa kazi. Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini ilipata mmiliki mpya, naye akaja na kompyuta.

Moja tu, wakuu. Iliwekwa kwenye chumba chenye feni nzima, ikafunikwa kitambaa cha kufuma.

Mimi nilikuwa nakuja na baiskeli kutoka Pongwe, kijana mwenye maringo kwa sababu nimesoma Visual Basic kwenye kitabu cha kuazima. Nikapewa kazi ya kuandika programu ya hati za mizigo.

Mpiga chapa wetu alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Kipemba. Kwenye taipureta hakuwa na mpinzani. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananipa chungwa la Muheza. Mshahara wake ndio uliokuwa unalea wajukuu wawili mayatima.

Meneja mpya akatangaza kwamba mpiga chapa atajaribiwa mbele yake, na asiyeweza mouse hana kazi. (Msiniambie habari za Tab na Enter za kibodi, alitaka mouse!)

Bi Mwanaidi akishika mouse, mkono unatetemeka. Mshale unaruka huku na huku, kitufe cha kwenye kioo anakipita kila mara.

Siku moja tukiwa wawili akaniambia siri yake. Alizaliwa na mashoto. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alichapwa mpaka akahamia mkono wa kulia. Taipureta inataka mikono yote miwili, kwa hiyo miaka yote hakuna aliyejua.

Mimi nikahamishia mouse kushoto, nikaona nimemaliza kazi. Akaurudisha mkono haraka.

"La, mwanangu. Hati za watu nizitengeneze kwa mkono wa kushoto? Hata kikombe cha maji simpi mtu kwa mkono huu."

Sikubishana naye. Nikaenda kwenye code, nikaita SetCursorPos, amri ya kuuhamisha mshale. Akimaliza kujaza sehemu moja ya hati, mshale unakwenda wenyewe mpaka juu ya kitufe kinachofuata. Yeye kazi yake kubonyeza tu kwa mkono wa kulia, bila kusogeza chochote.

Mara ya kwanza kuona, alisukuma kiti nyuma. "Yallah! Nani kaushika?" Nikamweleza, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa mtandio.

Siku ya jaribio ofisi nzima tulisimama mlangoni. Anajaza, mshale unakwenda, anabonyeza. Mambo safi. Mimi nahesabu vitufe kama mtihani ni wangu.

Meneja akainama. "Mama, mbona huu mshale unatembea na mkono wako umetulia?"

Meneja hakungoja jibu, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Hebu upeleke mwenyewe kule juu kwenye menyu, uifunge programu."

Wakuu, kule juu code yangu haifiki. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Mwanaidi akautazama mkono wake wa kulia. Kisha akaivuta mouse taratibu mpaka upande wa pili wa kibodi.

"Bismillahi. Mtanisamehe, jamaa zangu, kwa mkono huu."

Mshale ukapanda moja kwa moja, bila kutetemeka, ukatua kwenye menyu. Programu ikafungwa.

Meneja naye mtu wa pwani, alielewa alichoombwa. Akasema polepole, "Tumekusamehe, mama. Kesho njoo kazini."

Mimi nililia, siwafichi.

Kesho yake nakuta chungwa mezani kwangu, na Bi Mwanaidi ameshakaa, mouse iko kushoto.

"Mwanangu, ule mshale wako wa kwenda wenyewe, utoe. Nataka niupeleke mimi."

Nikafuta ile mistari huku ananitazama.

Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mpaka leo sijaandika tena programu inayomnyang'anya mtu cursor yake. Kijana uliyeuliza, SetCursorPos inafanya kazi vizuri sana. Ila kabla hujaiita, kakae kwanza na atakayeitumia, umuulize mkono wake unataka nini.

Haya, na nyie mlioanzia enzi za floppy, nani alikuwa Bi Mwanaidi wa ofisi yenu? Nipo hapa nawasoma.