Makomamanga ya Mgonjwa

Nasor, mwenzetu mpya ofisini hapa Nizwa, Oman, ana Asperger, ile aina ya usonji. Mimi ndiye niliyewasomesha wenzangu: "Tumfahamu, jamani. Yeye ukimuuliza kitu, anakujibu kilichopo." Nikajiona daktari.

Jana tumekaa na mkubwa wetu kwenye kahawa, tunakula makomamanga niliyoyaleta mimi, eti zawadi ya shemeji. Nasor akaingia. Nikamsalimu kama tusalimianavyo huku, ambako hata aliyetoka mazikoni hujibu kheri tu:

"Nasor, habari? Hakuna jipya?"

"Lipo," akasema. "Juzi ulipopiga simu kuwa mgongo unakuuma huwezi kuinuka, nilikuona kule mlimani Jabal Akhdar, umebeba gunia la makomamanga mgongoni."

Mkubwa alikuwa anatafuna. Akaacha.