Jina Lisilotajwa Mkwaja

Miaka ile ya hamsini mchana nilipakia marobota ya katani bandarini Tanga, usiku nikasoma. Nilipomaliza shule ya usiku nilikuwa msomi kuliko watu wote wa mtaa wetu wa Mabawa. Nalisema mwenyewe, maana mashahidi wengi wamekwisha kufa. Nilisoma kila chenye herufi: makopo ya mafuta ya taa, magunia, hata karatasi za kufungia njugu. Mama, ambaye alif na a zote kwake zilikuwa mikwaruzo, alinisikiliza wiki nyingi, kisha siku moja akaniuliza, "Na kwetu je, hukusomi?"

Kwao ni Mkwaja. Alitolewa huko akiwa mgongoni kwa bibi, mama yake, na baba yake yu hai. Mzee akafa nyuma yao, akazikwa, na mama hakupata kuliona kaburi. Sasa miguu imemvimba, safari haiwezi.

"Nenda kaniandikie habari za kwetu," akasema. "Waandike wote. Lakini ukirudi hujui alipolala baba yangu, daftari hilo ukafungie njugu."

Nikapanda lori hadi Pangani, nikavuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha ikawa mwendo wa miguu. Viatu vyangu viliondoka Bweni na soli, vikafika Mkwaja na kamba.

Nilifikia kwa mkaza mjomba, mjane wa kaka yake mama. Katika nyumba ile ya babu alikuwa amebaki peke yake. Alinishika uso kwa viganja viwili, akalia, akanipakulia wali na pweza wa nazi wa kushibisha kijiji. Mimi, hata sijanawa vizuri, nikafungua daftari na kuuliza kwa sauti ya darasani, kama mwalimu alivyotufundisha: kaburi la babu liko wapi? Nikalitaja jina lake kamili, na la baba yake juu.

Mkaza mjomba akavuta kanga mpaka machoni.

"Kula, baba. Wali unapoa."

Asubuhi nikauliza tena, jina kwa jina, akaenda zake kuota moto. Jioni nikauliza tena. "Simjui mtu huyo," akanijibu. Nikaandika: Hajui.

Barazani msikitini ndiko nilikovuna. Wazee wanne walinipa waasisi watano wa mji, mmoja akidaiwa kuja juu ya mkeka kutoka Shirazi bila kulowa kanzu. Walinionyesha makaburi ya kale yenye bakuli za kichina ukutani, nikayaandika mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini babu hakuwa mtu wa bakuli. Alikuwa mkwezi wa minazi. Nilipomuulizia, wote walisema mamoja: "Muulize mkaza mjomba wako. Ndiye anayefagia pale."

Basi nikaona bibi wa watu amechukuliwa na umri. Na ushahidi nilikuwa nao, kwani hata siku za juma zilikuwa zimempotea. Mwezeka makuti alikuja kuuliza aje lini, akaambiwa, "Njoo kesho ya Jumatano." Shoga yake alipouliza mbona hakuonekana ufukweni, akajibu, "Nilikwenda ile kesho ya Jumatano." Nikayaandika hayo pia, kwa huruma kubwa.

Siku ya tatu nikamlilia shoga huyo kisimani. Alicheka hata ndoo ikamponyoka.

"Babu yako aliitwa nani, mwandishi?"

Nikamtajia.

"Na kesho ya Jumatano ni siku gani?"

Nikahesabu kwa vidole, msomi mzima. Nilipofika, kinywa kikabaki wazi, nzi wangeweza kujenga humo.

"Babu yako ni mkwewe!" akasema. "Tangu aolewe hajalitia jina hilo kinywani, wala siku aliyoitiwa. Nawe umekuja na sauti ya adhana, siku tatu unamtajia mkwewe ndani ya nyumba! Afadhali ungemvua kanga sokoni."

Nilirudi kwa mkaza mjomba, mdogo kama punje ya mtama. Daftari nikaliacha nje, nikaketi chini.

"Mama, nisamehe. Yule mzee wa kesho ya Jumatano, amelala wapi?"

Akanitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Ala! Kumbe shule ya usiku nayo hupambazukiwa."

Akachukua fagio la chelewa, tukatoka. Kutoka kisima cha msikiti akaelekea baharini akihesabu hatua. "Zangu, si zako wewe twiga." Zilifika arobaini na mbili. Jiwe la tumbawe kichwani, jingine miguuni, na mchanga uliofagiwa kama ukumbi wa harusi. Nilipotoa kalamu niandike jina, akanigeuzia mgongo. Hajui kusoma hata herufi moja, lakini aligeuka mpaka nikafunga daftari.

"Nikifa mimi, nani atapafagia?" akauliza, uso wake ungali upande wa bahari.



Niliporudi Mabawa nilimsomea mama tangu ukurasa wa kwanza. Waasisi watano walimpigisha miayo. Nilipofika penye hatua, akasema, "Ngoja." Akainuka na miguu yake ile, akasimama kwenye bomba la uani kama ndicho kisima, akaelekea upande wa bahari.

"Hesabu."

Hatua ya thelathini na moja ikatufikisha kwenye ua wa jirani, Mlutheri wa milimani, fundi wa reli, aliyekuwa akianika mashuka.

"Jirani, naomba njia."

"Karibu, mama. Wapi tena na miguu hiyo?"

"Kwa baba yangu."

Jirani hakuuliza zaidi. Alisogeza beseni, akainua shuka kama pazia. Ya arobaini na mbili mama akasimama, akafungua viganja, akaomba dua ndefu. Nilitamani mashuka yale yafunuke, Mkwaja iwe nyuma yake.

"Maji ya bahari hayamfikii?" akaniuliza alipomaliza.

"Hayamfikii, mama."

"Na wifi yangu bado ana nguvu?"

Nikamwambia alivyouliza nani atapafagia. Mama akaniegemea, mkono wake begani kwangu, mzito.

"Mwezi ujao utakwenda tena," akasema. "Daftari liache. Ukafagie."