Nyumba ya Mama si Gesti

Kaka yangu hakuomba ruhusa ya mtu. Alipiga simu asubuhi kutoka Mbeya, akaniambia fundi yuko njiani, nishuke Ipogolo kwa mama nikamfungulie geti, na niangalie mama asimsumbue. Mama asimsumbue fundi, nyumbani kwake mwenyewe, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba tofali kwa tofali. Nilikata simu bila kuaga. Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu pale Kihesa wanalijua hilo, na kaka analijua kuliko wao, ila hajawahi kulijali.

Fundi alikuja na maboksi, ngazi na mashine ya kutobolea. Kazi ilikuwa kufunga mkanda wa taa kuzunguka nyumba nzima, kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Wala hazikuwa taa za sikukuu, zile za kutundika Desemba na kushusha Januari. Hizi zilikuwa za kudumu. Alipigilia reli za alumini, akalaza mkanda ndani yake, akaziba kwa silikoni, kisha waya ukapita ukutani hadi kwenye kidude kinachopokea amri za simu. Amri hizo zinaweza kutoka popote penye mtandao. Kaka akiwa Mbeya kwake, au Madibira anakonunua mpunga, au Dar anakouza mchele, anabonyeza tu na nyumba ya Ipogolo inabadilika rangi. Tundu la waya lilitobolewa sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi ya wazazi wetu. Vumbi likamwagikia kioo, mama akalifuta kwa ncha ya khanga.

Aliyelalamika ni mimi. Fundi alinijibu kwa adabu kwamba yeye katumwa, nimuulize mwenye kazi. Nikampigia mwenye kazi. Kaka akasema nyumba iko barabarani, magari yote ya kwenda Dar yanapita hapo, ni aibu ikae giza kama ya watu wasiozaa. Alitaka watu wajue kwamba pale pana watoto. Nikamuuliza hao watoto wanaotaka kujulikana kwa taa walikanyaga pale lini mara ya mwisho. Akanijibu neno lake la siku zote, kwamba yeye anatafuta. Msiba wa shangazi, kaka anatafuta. Mama amelazwa, kaka anatafuta, ametuma pesa. Siku hiyo aliongezea na methali, mtafutaji hachoki. Nikamkumbusha kwamba methali hiyo haijaishia hapo: akichoka keshapata. Sasa yeye anatafuta nini tena ambacho hajapata? Akasema mtandao unasumbua.

Kuna jambo ambalo kila msafiri wa barabara ile analijua, na kaka analijua zaidi kwa sababu nusu ya maisha yake hulala njiani. Nyumba ya kando ya lami ikiwaka rangi rangi ni baa, au ni gesti, au vyote viwili. Haihitaji kibao. Dereva akiona nyekundu na kijani vinakimbizana kwenye paa, anajua pana kitanda na pana kitu cha baridi.

Basi wakaanza kuingia. Wa kwanza aliegesha lori, akamkuta mama barazani na kikombe chake cha chai, akamwamkia vizuri, akauliza kama vyumba vipo. Mama akamwambia vipo, ila ni vya watoto wakija. Dereva akauliza watoto wanakuja lini. Mama akasema hajui. Wengine wawili waliulizia bia na nyama choma. Akawaambia bia hakuna, chai ipo, wakakaa wakanywa chai, wakashukuru. Alinisimulia haya akicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Lingine hakunisimulia. Nililisikia kwa jirani. Aliingia mwanamume amekwisha kunywa, akamuuliza mama yangu wahudumu wake wako wapi, na mbona amekaa yeye mzee mlangoni, atafukuza wateja. Mama yangu ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Watoto wa mtaa mzima wamebatizwa wakiwa mikononi mwake.

Tangu siku hiyo aliacha kukaa barazani jioni. Mtu asiyemjua mama hawezi kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Wanawake wanaorudi kutoka bustanini kando ya mto walikuwa wakitua ndoo zao pale, wanasalimiana kamwene, kamwene, wanapumzika, wanapeana habari, mmoja anaacha fungu la mboga, mwingine anaondoka na limao. Ndiyo yaliyokuwa maisha yake toka baba afariki. Sasa taa zikiwaka tu, yeye anafunga geti na komeo, anaingia ndani.

Nilimweleza kaka yote, hata la mlevi. Akasema ataweka nyeupe tupu. Akaweka, zikakaa nyeupe kwa muda. Halafu mzee wa nyumba ya ng'ambo ya barabara akafariki. Turubai limefungwa, watu wamekaa kwenye mikeka, mchungaji amesimama anasoma neno, na nyumba ya mama yangu ikaanza kucheza, nyekundu, zambarau, kijani, inazunguka paa lote kama iko kwenye harusi. Waombolezaji waligeuka wakaipa nyumba yetu mgongo. Mama aliyekuwa pale msibani alifunika uso kwa khanga. Kaka alipopokea simu alisema alikuwa anamwonyesha rafiki yake jinsi zinavyofanya kazi.

Nikamwambia mama azime kwenye soketi, yaishe. Akasema kaka kakataza, eti ukizima kile kidude kinasahau kila kitu. Nikaona huyu mama anaogopa kidude nyumbani mwake, na mimi mwanawe nipo hai. Ijumaa nilipotoka shule niliazima ngazi na koleo kwa jirani. Nilikuwa nimekwisha kupanda, koleo liko kwenye waya, mama akatoka jikoni.

"Shuka," alisema. "Huo usikate."

Nilimwambia taa hizi zinamdhalilisha, mtaa mzima unajua, na kama anamwogopa kaka, lawama nitabeba mimi.

"Simwogopi mtu. Najua zinaniaibisha. Lakini Ijumaa jioni huwa zinakuwa za buluu. Ni baba huyo anapita na mchele wake kwenda Dar. Ananisalimia."

Mama humwita kaka baba, kwa kuwa amebeba jina la baba yake mzazi. Akanieleza palepale, mimi nikiwa bado juu ya ngazi. Kaka alimpigia siku moja akamwambia ana mzigo, hawezi kusimama, ila mama akiona buluu ajue ni yeye anapita. Na kweli, Ijumaa zikawa buluu. Na iliyofuata, na iliyofuata. Akaniuliza, nikizikata, yeye atajuaje kwamba mtoto amepita?

Nilishuka na hasira zangu. Kutoka lami mpaka mlango wa mama, ukimwita mtu anaitika bila kupaza sauti. Mwanamume mzima anapita mbele ya mama yake mzazi, anabonyeza simu, anaendelea na safari, na anaona amesalimia. Nilikaa palepale kwenye ngazi ya baraza nimsubiri. Niliapa leo nitasimama katikati ya lami hata kama atanigonga.

Jua likaingia nyuma ya milima. Taa zikawaka nyeupe, na baada ya kitambo zikageuka buluu, ukuta wote ukawa buluu, na mikono ya mama nayo buluu. Alikuwa amekwisha kubadilisha khanga, amevaa ile mpya. Akafungua komeo mwenyewe, akaenda kusimama kando ya barabara, akaanza kupunga mkono. Hajui kaka siku hizi anasafiri na gari gani, kwa hiyo alipungia yote. Lori la mafuta alilipungia. Basi alilipungia. Dereva mmoja wa semi akajibu kwa honi ndefu, mama akanigeukia uso umechangamka, akaniuliza kama nimesikia.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikampigia kaka. Nilitaka kumwambia ageuze gari, popote alipofika. Alipopokea nikasikia runinga, na sauti za watoto wake wakigombania kitu. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko nyumbani, anakula. Nikauliza nyumbani wapi.

"Mbeya, mdogo wangu, wapi tena?"

Nikamwambia taa za mama ni buluu.

"Aa, hiyo nimeiprogramu. Kila Ijumaa zinajigeuza zenyewe. Nilikuwa nasahau sahau, nikaona niweke moja kwa moja. Si mama anapenda?"

Akaniuliza kama kuna tatizo. Nilikata simu nikarudi mbele. Mama alikuwa bado pale, mkono umeanza kuchoka, anaupunga chini chini usawa wa kiuno.

"Umempata?" aliniuliza, macho yakiwa barabarani. "Mwambie mlima Kitonga ashuke taratibu, leo kuna ukungu."

"Nimemwambia, mama."