Kamba Ilipopita Jikoni Kwangu

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mitumba yalipoanza kujaa mjini Morogoro, mtaa wetu wa mlimani, juu ya Kilakala, ulikuwa haujakanyagwa na gurudumu lolote. Jirani yangu aliposhikwa na uchungu, wanaume wanne walimbeba na kitanda chake, wakateleza naye kwenye matope hadi barabarani. Alijifungua salama. Lakini balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mstaafu wa reli, alisema jambo lile lisirudiwe. Akateremka kumwona balozi wa mtaa wa chini, mama muuza vitenge. Mitaa hii miwili ilikuwa haisalimiani, kwa sababu maji yetu machafu yaliishia nyuani kwao.

Jumamosi wakapandisha kamba pamoja, kupima njia ya gari kutoka barabarani hadi kwetu. Ikapita kwenye mihogo ya huyu, ikagusa choo cha yule, kisha ikaingia jikoni kwangu, kibanda nilichokijenga bati moja moja kwa mshahara wa ualimu.

"Hapa haipiti," nikasema.

Mzee akainamisha kichwa. Yule mama akanisogelea. "Mwalimu, jiko lako halivunjwi mpaka jingine liwe limesimama."

Nikajua ni maneno tu. Jumatatu narudi kutoka shuleni, nakuta wanawake wa mtaa wa chini wanakandika ukuta nyuma ya nyumba yangu. Mmoja akageuka, mikono imejaa udongo. "Mwalimu, mlango tuuelekeze wapi?"

Niliweka madaftari chini, nikavua viatu, nikaingia udongoni nao.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchonga barabara. Kila Jumamosi tulichimba, tukapasua mawe, tukachonga mfereji wa kupeleka maji yetu korongoni badala ya nyuani kwa wenzetu. Wasabato walikuja Jumapili alasiri, wawili tu, na kazi yao ilionekana.

Siku ya kujaribu, kijana mmoja wa mtaa wa chini alileta pikapu yake, maandishi ya Kijapani bado yako mlangoni. Ikaanza kupanda, inanguruma, inateleza, inakamata. Sisi nyuma tunakimbia, wazee kwa watoto, vigelegele mtindo mmoja. Mimi, mwalimu mzima, kanga ilinidondoka na sikurudi kuiokota.

Ilipofika juu ikasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Sasa nageuzia wapi?"

Miezi yote ile hakuna aliyelifikiria hilo! Balozi wetu akacheka hadi akakaa chini, kisha akaonyesha migomba yake kwa fimbo.

"Leteni mapanga," akasema.

Jua lilikuwa bado juu, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Yule mama muuza vitenge ndiye aliyekata mgomba wa kwanza.