Mabenchi ya Kuangalia Mirihi

Mwaka 2003 dunia ilikuwa na mambo, na Mwalimu Paskasi wa Maisaka aliyajua yote. Chombo cha angani cha Wamarekani kilivunjika kikirudi na watu saba. Doli, yule kondoo wa maabara, akafa. Vita Iraki, ugonjwa wa mapafu Uchina, joto la kuua wazee Ulaya. Yote aliyapata redioni na yote yakamkaa rohoni, maana hakuwa na wa kumsimulia.

Zamani alikuwa naye. Mkewe Rosalia alikuwa akimenya viazi huku anauliza, "Haya, wamefanya nini tena hao wazungu?" Basi Mwalimu ataeleza mpaka chai ipoe. Rosalia alifia Mbulu, akazikwa huko huko. Mwalimu akastaafu, akashuka Babati, mji uliojaa wageni tangu ufanywe makao ya mkoa mpya. Pale mtaani Maisaka walimjua kama mstaafu mpole anayesalimia vizuri, basi. Habari za mke hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mtu anawahi mashineni na ndoo ya mahindi kichwani, umsimamishe umwambie ulifiwa mwaka juzi?

Mwezi wa nane redio ikatangaza kwamba Jumatano inayokuja sayari ya Mirihi itaisogelea dunia kwa namna ambayo haijatokea kwa karibu miaka elfu sitini. Mwalimu akashika kichwa. Jambo zito namna hii uliangalie peke yako mlangoni? Hapana, jamani! Safari hii ataangalia na watu, hata wakiwa wawili.

Akaenda kwa Mama Coletha, mtunza mabenchi ya jumuiya ya kanisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Naomba yale mabenchi, Jumatano. Na watu waje kwangu jioni."

Akaishia hapo. Aliona haya kusema ni kwa ajili ya kutazama nyota, mtu mzima na mvi zake. Kosa likawa hilo, maana Maisaka mabenchi yale hayatoki bila msiba, na mfiwa hahojiwi mlangoni. Mama Coletha aliinamisha kichwa tu, akasema watakuja.

Jumatano giza lilipoanza kuingia, wakaja. Wakaja kweli! Mabenchi manne yakajaa, wengine wakasimama. Mwalimu almanusura acheke kwa furaha. Ndipo akaona kuni kichwani kwa wanawake, ndoo ya unga, kanga zilizofungwa kiunoni. Melkiadi, fundi baiskeli, akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Mwalimu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Kumbe ndiyo maana wamekuja! Akiwaambia ukweli watabeba unga wao na kumcheka mpaka Krismasi, naye atabaki na mabenchi matupu.

Mama Coletha akaketi karibu yake. "Tuambie, Mwalimu. Nani ametutoka?"

Alifungua kinywa aseme Mirihi. Likatoka jina jingine.

"Mke wangu. Rosalia."

"Yesu wangu! Lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tano."

Watu wakatazamana. Huko nyuma mtu akaguna. Mwalimu akainama akisubiri wainuke mmoja mmoja, na kusema kweli asingewalaumu.

"Mwaka juzi," Mama Coletha akarudia polepole. "Na muda wote huo unalala humo ndani na msiba wako, sisi tunapita hapo nje tunakusalimia tu?"

Machozi yalikuwa yanamshuka Mwalimu, na hakuyafuta.

Mama Coletha akageukia wenzake. "Washeni moto. Nani anaanzisha rozari?"

Wakaanza. Mirihi ikachomoza kulia kwa mlima Kwaraa, nyekundu, kubwa, na hakuna kati yao aliyeinua kichwa. Mwalimu aliiona. Hakumwonyesha mtu, maana walikuwa wanamlilia Rosalia.