Niliposema Naijua Mombasa

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika chuo kimoja nje ya mji wa Nakuru, nimesimama mbele ya meza ya mkubwa wangu, Bwana Mutai. Chuo chetu kilikuwa kimepewa jukumu la kupokea wageni wa kongamano la wataalamu wa udongo na mifugo, na kongamano lenyewe lingefanyika Mombasa. Bwana Mutai alitaka mtu wa kuwaandaa wageni hao: awaandikie barua ya maelekezo, ajibu maswali yao, kisha atangulie hotelini kuwapokea.

"Nyambura, Mombasa unaijua?" akaniuliza.

"Naijua vizuri, boss. Nimekaa huko."

Sikuwa nimewahi kupita Nairobi. Nilizaliwa Subukia, nikasomea Subukia, nikaja Nakuru kutafuta kazi, basi. Lakini kazi ile niliitaka mno, na kijana huona aibu kubwa kuonekana hajui kitu. Neno likanitoka mdomoni kabla sijalifikiria, naye akanikabidhi faili.

Barua niliiandika kwa siku mbili. Habari nilizitoa kwenye kalenda ya zamani yenye picha za pwani, na kwa binamu yangu aliyewahi kwenda huko na shule. Nikawaambia wageni wabebe sweta nzito za jioni. Nikawaambia wajipe saa nzima ya kuvuka feri ya Likoni ili wafike hotelini. Nilijisikia mtu mkubwa sana nilipoiona imepigwa chapa na jina langu chini, kando ya sahihi ya Bwana Mutai.

Wiki moja baadaye akaja ofisini mwalimu mmoja wa chuo chetu, Chelangat, mtu wa Keringet kwenye baridi ya milimani, naye pia alikuwa aende kongamanoni. Alikuwa mpole, na siku hizo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alifunga mlango kwanza ndipo akakaa.

"Wewe umekaa huko," akasema. "Niambie ukweli. Mbu wakoje? Nasikia malaria ya huko si mchezo, na mimi niko hivi."

Nilipaswa kusema sijui. Maneno mawili tu, "sijui, dadangu," na angeinuka aende zake kumwuliza anayejua. Lakini ningesemaje sijui, na Bwana Mutai yuko chumba cha pili?

"Ah, usijali," nikamwambia. "Hoteli zote hupigwa dawa. Wewe nenda tu."

Akashusha pumzi. "Nilikuwa nipitie hospitali nimwone daktari kabla ya safari. Lakini kama unasema hivyo, basi. Umenitoa wasiwasi."

Akanishukuru, mwanangu. Akanishika mkono na kunishukuru.

Mama mwenye nyumba niliyopanga mtaa wa Bondeni alikuwa Bi Zuhura, mjane wa makamo aliyeletwa Nakuru na ndoa kutoka Mombasa. Jioni moja, zikiwa zimebaki siku tano kongamano lifunguliwe, nilimkuta barazani akikanda unga, nikamwonyesha ile barua. Nilitaka asifu. Akapangusa mikono kwa upande wa leso, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alipofika kwenye sweta akacheka. Alipofika kwenye feri hakucheka tena.

"Hoteli hii iko kaskazini. Feri ya Likoni yenda kusini. Huyo mgeni avuka kwenda wapi?" Akanitazama. "Nyambura, Mombasa ulifika lini?"

Nikaanza kusema zamani kidogo. Akaendelea kunitazama vile vile, hadi uongo wangu ukakosa pa kwenda.

"Sijawahi kufika, Bi Zuhura."

"Na wangapi washakuuliza mambo mengine, ukawajibu hivi hivi?"

Nikamweleza kuhusu Chelangat. Nilidhani atanigombeza kwa sauti. Badala yake alikaa chini, akaiweka barua magotini.

"Mke wa kaka yangu alizaliwa hapa hapa Nakuru," akasema. "Tulimpeleka Mombasa kwenye arusi akiwa na mimba ya miezi sita. Mtu wa baridi, mwili wake haujazoea malaria. Alirudi bila mtoto, na kidogo naye asirudi. Wewe hukumdanganya mkubwa wako peke yake, mwanangu. Umempokonya yule mwanamke nafasi ya kumwuliza anayejua. Inuka umtafute."

Niliinuka. Jua lilikuwa halijazama bado nilipofika nyumba za walimu, jirani yake akaniambia Chelangat ameshaondoka tangu juzi. Ameamua kutangulia apumzike kwa kaka yake anayefanya kazi bandarini. Simu za mkono ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuenea. Namba yake nikaipiga, haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Asubuhi nilikwenda kwa Bwana Mutai nikamwambia yote. Akasema, "Mimi nimeitia sahihi barua ile." Hilo tu. Akasukuma simu ya mezani upande wangu. "Anza na yule mama. Halafu wageni wote, mmoja mmoja. Useme ukweli."

Niliwapigia siku nzima, nikisoma maelezo mapya ambayo Bi Zuhura alinisahihishia: nguo nyepesi, dawa ya mbu, ushauri wa daktari kabla ya safari, na kwamba ni mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo wasile barabarani mchana mbele ya watu waliofunga. Mzee mmoja wa Kampala alicheka akaniambia pole. Mwingine alinikatia simu. Wengine walikuwa tayari njiani. Na kila nikimaliza mmoja, narudi kwa namba ya Chelangat. Haipatikani.

Nilimpata siku ya tatu, huko huko Mombasa, nilipotangulia kupokea wageni. Mpwa wa Bi Zuhura, Rukia, ambaye ni muuguzi huko, alinisaidia kuuliza hadi tukaifikia nyumba ya kaka yake huko Changamwe. Chelangat alitoka mlangoni akitabasamu, mikono yake yote ina alama za mbu.

"Hapa joto!" akasema. "Hata neti sitaki, inazuia hewa. Si ulisema hakuna shida?"

Nikamwambia pale pale, nimesimama, sijakaribishwa ndani. Kwamba sijawahi kufika Mombasa maishani mwangu hadi jana yake. Tabasamu lake lilikwisha polepole. Hakunitukana. Aliweka mkono tumboni, akamgeukia Rukia kana kwamba mimi sipo, akamwuliza, "Sasa nifanye nini?"

Rukia alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alimpa ushauri, akamwambia alale ndani ya neti, tena akamwonya kwamba ugonjwa huu hauonekani siku ile ile mtu anapoumwa na mbu. Unaweza kuja baada ya wiki moja, mbili, au zaidi, mtu akiwa amesharudi nyumbani. Homa yoyote, hata ndogo, aende hospitali na aseme ametoka pwani.

Kongamano lilikwenda vizuri. Watu walisifu mapokezi, nami kila sifa iliniumiza. Tuliporudi, Chelangat alichukua likizo akaenda kwao Keringet. Nami nikaanza kuhesabu siku. Simu ya ofisi ikilia, moyo unaniruka. Chakula hakishuki. Bi Zuhura ananiwekea sahani, anaiondoa kama alivyoiweka.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Alikuwa mume wa Chelangat. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, upepo unavuma kwenye simu.

"Mke wangu ana homa tangu jana," akasema. "Kwa zahanati amewaambia ametoka pwani, lakini wamesema ni mafua, ni hii baridi ya huku. Wamempa vidonge. Lakini amesema nikupigie. Sijui kwa nini wewe."

"Si mafua!" Nilipiga kelele hadi Bwana Mutai akatoka ofisini kwake. "Mlete Nakuru sasa hivi. Waambie ametoka Mombasa. Waambie wapime malaria!"

Bwana Mutai akatuma gari la chuo. Nilikuwa mlangoni mwa hospitali lilipofika, nikamwona anashushwa akitetemeka ndani ya blanketi mbili, midomo imekauka. Vipimo vikaonyesha malaria. Siku tatu sikujua kama ningemkuta hai, na kama ningemkuta, wangekuwa wawili au mmoja. Nilikaa kwenye benchi la nje na mume wake. Hakujua bado nilichofanya. Alinigawia chai yake, nami nikaiweka chini, nikamwambia. Aliinuka akaenda kukaa benchi lingine. Alikuwa na haki.

Walipona, mwanangu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, akalelewa kwenye mashine ya joto wiki kadhaa, akaishi. Ni msichana. Nilipoenda kuwaona, Chelangat aliniruhusu nimshike, kisha akaniambia maneno ambayo sijayaweka chini tangu siku ile.

"Ungenyamaza baada ya kujua kosa lako, tungekufa sote wawili. Kwa hilo nakushukuru. Lakini ungeniambia hujui siku ile nilipokuuliza, nisingeugua. Hilo nalo usilisahau."

Hatukurudi kuwa marafiki. Tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, kila mtu anakwenda zake.

Basi nakuomba, wewe unayeanza kazi na unayeulizwa maswali na watu kwa sababu tu umekaa nyuma ya meza: usione haya kusema hujui. Anayekuuliza hajui kwamba unabahatisha. Atalichukua jibu lako, atalibeba hadi mahali ambapo wewe hutakuwapo, na huko atalitegemea kwa mwili wake. Na ukishakosea, usingoje aibu ipungue ndipo uende. Nenda nayo hivyo hivyo, usimame mlangoni pa mtu, useme.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na miguu myepesi ya kurekebisha. Wanaokutegemea wafike salama waendako, na wawarudie watu wao salama.