Tumbo la Mgonjwa wa Kifua

Sisi watu wa Butembo tunamheshimu daktari mpaka tunamficha ugonjwa. Juzijuzi nilimlinda dada yangu hospitalini, katika wodi ya kifua. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mzee wa kijiji cha Masereka, mgonjwa wa korona. Mume wake alikuwa anafua na kuanika vitenge vyake nyuma ya wodi kila asubuhi, na muuguzi akaviona.

"Papa, ni kikohozi gani inachafua vitenge hivi?"

Mzee akainama. "Anaharisha. Lakini docteur ni wa kifua. Tuliogopa kumusumbua na tumbo."

Muuguzi hakucheka. Akachukua choo cha mama kipimwe, akaleta maji ya chumvi na sukari.

Mama akaushika mkono wa mume wake, ungali na povu la sabuni. "Docteur akirudi, umuambie nilikuja na mwili wote."